Vidole Vinakufa Ganzi, Nami Nataka Kununua Kompyuta

Sabalkheri Bi Mshauri,

Natumai u mzima hapo Malindi. Mimi ni mwanamke wa Langoni, hapa Amu (Lamu), na riziki yangu ni kuandika. Asubuhi nawatafsiria watu wa miradi ripoti zao. Mchana nanukuu kanda (ni faili za sauti siku hizi, lakini sisi bado twaziita kanda) za wazee wa Pate, Siyu na Faza. Mtafiti mmoja aliye ng'ambo hunituma nikawarekodi, kisha niyaandike maneno yao kama walivyoyasema, na kikohozi chao ndani. Usiku watoto wakishalala naandika hadithi yangu mwenyewe, ambayo hapa nyumbani hakuna anayeijua.

Kompyuta niliyo nayo imechoka. Kitufe cha N hakikubali mpaka ukigonge mara mbili, na wajua mwenyewe katika Kiswahili N huingia wapi na wapi. Betri haishiki, umeme ukipotea nayo yazima, na ukurasa ambao sijauhifadhi ndio basi tena. Fundi aliifungua akanionesha kutu ya kijani ndani, akasema ni hewa ya bahari.

La pili ndilo laniogopesha. Mkono wa kulia, kidole gumba, cha shahada na cha kati hufa ganzi usiku hata naamka nikiukung'uta mkono. Wa kushoto hauna ganzi, ila kidole cha mwisho chauma upande wa nje mpaka kwenye kifundo, na jioni ndio zaidi. Bibi yangu hunikanda kwa mafuta ya uta, nikapata nafuu ya muda mfupi. Huandikia kwenye kiti cha enzi cha marehemu babu, kompyuta ikiwa juu ya meza ya chakula; nikichoka naihamishia mapajani.

Nimeweka akiba ya shilingi 70,000 na kila mtu ana lake. Kaka yangu aliye Mombasa ataka ninunue laptopu ya michezo, yenye nguvu nyingi, ati ndiyo itakayodumu. Binamu yangu asema ninunue mpya kabisa dukani, hata ikiwa ndogo, kwa kuwa iliyotumika ni kununua ugonjwa wa mwenzio. Yule mtafiti yeye asema tatizo si kompyuta: ninunue kibodi kama yake, ya Kinesis, iliyogawanywa sehemu mbili, kwa kuwa ilimponya. Nikiinunua hiyo na kulipa ushuru, sidhani patabaki pesa ya kompyuta. Na yuko mwingine aliyenishauri niache mpangilio huu wa herufi nijifunze uitwao Dvorak.

Nifanye nini? Na je, niachane na laptopu nichukue kompyuta ya mezani?

Wako,
Mwandishi wa Langoni

*

Mwanangu,

Kompyuta nitaifikia. Kwanza mkono, na wa kulia kabla ya wa kushoto.

Ganzi ya gumba, shahada na kidole cha kati, inayokuja usiku na kuondoka ukikung'uta mkono, ndiyo malalamiko ya kawaida ya watu ambao neva ya kati inabanwa pale inapopita kwenye kifundo. Pale pana njia nyembamba ambamo neva hiyo imebanana na kano zinazokunja vidole. Kano zikivimba, neva haina pa kukimbilia. Mimi si daktari na sikuambii ndio ugonjwa wako. Nakuambia nenda hospitali ya King Fahd hapo hapo Amu kabla hujampa muuza kompyuta hata shilingi, na umtajie daktari ni vidole gani hasa, maana kidole cha mwisho kina neva yake nyingine, na hapo ndipo atakapoanzia. Mwambie pia kama una mimba, kama una kisukari, kama una matatizo ya tezi ya shingo: yote hayo huleta ganzi hiyo hata kwa mtu ambaye hajawahi kugusa kibodi. Huenda akakupa kifaa cha kufunga mkono usiku ili kifundo kisijikunje usingizini. Bibi aendelee na mafuta yake, hayadhuru. Lakini ganzi ikianza kukaa mpaka mchana, au vikombe vikianza kukuponyoka, usingoje.

Ndiyo maana simwamini mtafiti wako anaposema kibodi ilimponya. Huenda kweli ilimsaidia yeye, kwa maumivu yake, kwenye meza yake. Wewe meza yako ni ya chakula, na kiti chako, nisamehe, kimenichekesha. Kiti cha enzi kilitengenezwa ili mtu aketi wima apokee wageni. Mikono yake mipana inakupandisha mabega, na meza ya chakula inamalizia kazi: viwiko viko chini, vidole viko juu, na kifundo kinakunjika kwenda nyuma saa zote unazoandika. Ukiweka kibodi ya dola mia nne juu ya meza hiyo, mkono utakunjika vile vile.

Kwa hiyo fungu la kwanza la akiba yako nataka liende kwa seremala. Amu mna mafundi ambao watu huvuka bahari kuja kutazama milango yao. Meza ya kuandikia haitawashinda. Keti kwenye kiti cha kawaida, nyayo zote mbili zikiwa chini, mikono ikining'inia kwa raha, kisha kunja viwiko. Mtoto akupimie kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko. Kibodi ikae kwenye urefu huo au chini yake kidogo, usizidi. Meza nyingi za dukani zina sentimita 75 hivi, na kwa mwanamke wa kimo cha kadiri hizo ni nyingi mno. Kama hutaki meza mpya, fundi akupigilie kibao chini ya ile uliyo nayo, kinachovutwa, cha kibodi na mausi peke yake.

Kisha utenganishe kioo na vidole. Kila laptopu, iwe ya bei gani, ina kasoro moja isiyotibika: kioo na kibodi vimefungwa pamoja, kwa hiyo mikono ikikaa sawa shingo inainama, na shingo ikinyooka mikono inaning'inia hewani. Iinue laptopu juu ya kasha au vitabu vinene (msahafu haumo, bila shaka) mpaka ukingo wa juu wa kioo ukaribie usawa wa macho, na uandike kwa kibodi ya nje. Na vile vijiguu vya nyuma ya kibodi, ambavyo kila mtu huvisimamisha akidhani ndivyo inavyotakiwa, vilaze. Vinaongeza mkunjo ule ule unaoukimbia.

Sasa mkono wa kushoto. Mpangilio wa herufi tunaoutumia ulitengenezwa Marekani na Christopher Sholes na wenzake, na mashine za Remington zikauingiza sokoni kuanzia 1874. Waliupanga kwa ajili ya Kiingereza, ambacho herufi yake kuu ni E. Chukua ukurasa wowote wa hadithi yako uhesabu: A ndiyo itakayoongoza, na kwa mbali. Neno kama "hawakuandaa" lina herufi 11, tano kati yake ni A. Na A iko chini ya kidole kipi? Kile cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote, ambacho papo hapo tumekipa kazi ya kushika Shift na Ctrl.

Huyo aliyekwambia uhamie Dvorak hakuyafikiria haya. August Dvorak na mwenzake waliusajili mpangilio wao 1936, nao ni mzuri kwa Kiingereza, lakini A imebaki pale pale, kwenye kidole kile kile. Zaidi ya hapo, irabu zote tano ziko mkono wa kushoto. Sisi silabi zetu karibu zote huishia na irabu; karibu nusu ya maandishi yako ingekuwa juu ya mkono unaouma. Kwa mpangilio huu wa zamani angalau I, O na U ziko kulia. Baki nao.

A hatuwezi kuiondoa, basi tukiondolee kidole kazi nyingine. Katika Windows iko huduma iitwayo Sticky Keys: bonyeza Shift mara tano mfululizo, itakuuliza kama uiwashe. Ukiiwasha, unagonga Shift, unaiachia, ndipo unagonga herufi. Hulazimiki tena kukunjua kidole kushika viwili kwa pamoja. Siku za kwanza inaudhi. Ctrl nayo unaweza kuihamisha kwa PowerToys, programu ya bure ya Microsoft yenyewe. Iweke kwenye Caps Lock, kitufe kinachochukua nafasi nzuri bila kuifanyia kazi. Na punguza magongo yenyewe. Programu ya kuandikia ina masahihisho ya papo hapo: iagize kwamba ukiandika "mhj" iweke "mahojiano", ukiandika "kwh" iweke "kwa hivyo". Chagua maneno unayoyarudia katika ripoti za wale watu wa miradi, na nadhani sisi sote twajua wanayarudia yapi.

Kuandika kwa sauti nako kupo. Google ilikiongeza Kiswahili kwenye huduma hiyo 2017, na kwa ripoti zako inaweza kukupumzisha asubuhi nzima. Kwa wazee wa Siyu usiitegemee. Kiamu na Kisiu, lahaja za huko kwenu, itavigeuza Kiswahili cha redioni, nawe utatumia vidole vingi zaidi kurudisha "mato" na "ndia" palipoandikwa "macho" na "njia".

Kwa kazi ya kanda nakushauri kitu ambacho hakuna hata mmoja katika washauri wako aliyekitaja: pedali ya mguu. Huchomekwa kwenye tundu la USB, na programu ya kunukuu huitambua. Ukikanyaga sauti yaenda, ukiachia yasimama, ukikanyaga upande yarudi nyuma kidogo, kama fundi cherehani anavyoamrisha mashine huku mikono iko kwenye nguo. Fikiria ni mara ngapi katika saa moja ya kanda unaacha kuandika ili usimamishe na kurudisha, na kila mara ni Ctrl na kitufe kingine. Kwa mnukuzi, kabla ya kibodi yoyote ya ajabu, mimi ningenunua pedali.

Sasa kibodi zenyewe. Ile Kinesis iliyochongwa kama bakuli mbili ni chombo kizuri, siibezi. Imehamishia Ctrl, Enter na kitufe cha kufutia kwenye vidole gumba, na hiyo ndiyo siri yake kwa wenye kidole cha mwisho kibovu. Lakini gumba lako la kulia ndilo lenye ganzi, na katika kibodi hiyo ndilo litakalobeba nafasi na Enter. Bila neno la daktari, sikuruhusu. Kinesis hao hao wana nyingine rahisi zaidi, Freestyle2, vipande viwili vilivyoungwa kwa waya, vitufe vyake viko mahali pa kawaida. Hiyo naiona inakufaa zaidi, na haina ile sehemu ya tarakimu upande wa kulia inayoisukuma mausi mbali mpaka bega linauma. Logitech Ergo K860 haigawanyiki, ni ya kujipinda. Sifa yake ni vijiguu vilivyo mbele badala ya nyuma, vinavyoinamisha kibodi kwa nyuzi 4 au 7 kuelekea mbele na kifundo kikanyooka. Tarakimu inazo, kwa hiyo mausi itakaa mbali. Kuna pia Microsoft Sculpt, ya 2013, ambayo tarakimu zake ni kipande cha pembeni. Microsoft walitangaza 2023 kwamba wanaacha kutengeneza kibodi kwa jina lao, kwa hiyo nyingi utakazoziona ni za mkono wa pili. Usiinunue bila kile kijipande chake cha kuchomeka kwenye kompyuta. Kikipotea hakuna kingine kinachoelewana nayo, na utakuwa umenunua kibao cha kukatia vitunguu.

Kabla ya yote hayo, fanya jaribio la maskini. Nunua kibodi mbili ndogo za waya, zile za bei ya chini zisizo na sehemu ya tarakimu. Zichomeke zote mbili kwa pamoja. Ya kushoto iandikie kwa mkono wa kushoto tu, ya kulia kwa wa kulia, uzitenganishe mpaka mikono iwe sambamba na mabega. Windows inazikubali zote, na Shift ya hii inafanya kazi kwa herufi za ile. Andika hivyo kwa wiki kadhaa. Ukiona mabega na kidole vinakushukuru, weka pesa ya kibodi halisi. Usipoona tofauti, umeokoa akiba na una kibodi ya ziada kwa siku chumvi itakapoila ya kwanza.

Kompyuta ni jambo dogo kuliko ulivyodhani. Kuandika hakuhitaji nguvu. Ile ya michezo anayoitaka kaka yako ni nzito, ina joto, betri yake haikai, na feni zake zinavuta hewa, maana yake chumvi, kuliko nyingine yoyote. Ya binamu yako itakuwa na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 iliyogandishwa kwenye ubao, huwezi kuongeza, na mwakani atakutafuta mumlaumu pamoja muuza duka. Ya mezani ningeipenda kwa sababu kibodi na kioo vimeshatengana, ila itataka UPS, ile betri ya kuishikilia umeme ukipotea, na huwezi kwenda nayo Pate.

Tafuta iliyotumika ofisini Ulaya, zile zinazojaa maduka ya Mombasa, na usivuke nusu ya akiba yako. Lenovo ThinkPad T480 ya 2018 ndiyo ningeitafuta kwanza: ina nafasi mbili za RAM, betri mbili ambazo moja unaichomoa na kuibadilisha bila fundi, na kibodi nzuri kwa siku utakayokuwa kisiwani huna ya nje. HP EliteBook 840 G5 ni ya umri ule ule na haiko mbali nayo. Usishuke chini ya kizazi cha nane cha Intel, yaani cha kichakataji, ubongo wa kompyuta, kwa sababu Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 haivikubali rasmi vizazi vya nyuma. RAM GB 16, SSD (diski ya kuhifadhia ya ndani) GB 256 au zaidi, basi. Ukivutiwa na MacBook, ziepuke zilizotoka kati ya 2015 na 2019: nyingi zina kibodi nyembamba ambayo chembe moja ya vumbi hukwamisha herufi, na nyumba zetu za mawe hazikomi kumwaga chokaa.

Na chumvi? Usiiweke kwenye dirisha linalotazama bahari, hasa kusi likivuma. Ukimaliza kazi izime, ipoe, uitie kwenye mfuko unaofungika pamoja na vile vijifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Ukivuka kutoka gati ya Mokowe, iwe ndani ya plastiki ndani ya begi, si begi peke yake. Nakala za kanda ziweke kwenye diski ya nje, na diski ikae nyumba nyingine.

Kaka yako usimkasirishe, mpe kazi. Aende dukani Mombasa kwa niaba yako. Akifika, aandike ukurasa mzima kwa kibodi ya hiyo kompyuta, na aangalie kama herufi ziko mahali pake, maana nyingine zimetoka Ufaransa na A iko juu palipokuwa na Q. Achaji kwa kila tundu la chaji. Kisha afungue dirisha la amri, aandike powercfg /batteryreport, na alinganishe uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani na uwezo ilio nao leo. Ikiwa imeshuka chini ya theluthi mbili, bei ipunguzwe au betri ibadilishwe mbele yake. Muuzaji akikataa kujaribiwa hivyo, mtaa huo una maduka mengine.